Ubadhirifu upo ila mwalimu hashiki fungu

Ndugu Mhariri, assalaam alaykum.

Hili limenikaa rohoni toka wiki iliopita. Nilikuwa barazani Chake Chake nakunywa kahawa, mzee mmoja nnaemheshimu sana akanambia nyinyi wafanyakazi wa serikali ndo mnaotumaliza, kodi zetu zote mnakula nyie. Mie mwalimu wa skuli, Micheweni, mwaka wa 14 sasa. Pale sikumjibu, mzee wangu yule.

Watu wanachanganya mshahara na ubadhirifu. Kima cha chini cha mshahara serikalini hapa Zanzibar kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi mpaka 2017 ndo kikawa 300,000, halafu 2022 kikafika 347,000, sasa toa mchele hapo, toa nauli, toa dawa za mama, nambie za kuiba ziko wapi. Fungu la matumizi likichelewa walimu tunachanga wenyewe tununue chaki na karatasi za mtihani, na si mara moja wala mbili. Muuguzi anaekesha na mzazi kituoni, yule wa ustawi anaepita shehia kwa shehia kuhakiki wazee wa pencheni jamii, wote hao ndo hao hao wafanyakazi wa serikali tunaotukanwa.

Sisemi ubadhirifu haupo, upo, tena unaniuma khasa kwa sababu pesa ikipotea mie ndo nnaebaki na watoto wamekaa sakafuni. Lakini hebu tutazame inapopotelea, kwenye mikataba ya ujenzi, kwenye manunuzi bei imetiwa chumvi, kwenye malipo hayana hata risiti. Hayo yanasainiwa na wakubwa wachache wenye fungu, mwalimu hata mlango wa mhasibu haujui vizuri. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anamkabidhi Rais wa Zanzibar ripoti kila mwaka, inakwenda Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, basi tuisome hiyo, na mwakilishi akija jimboni tumuulize ile hoja ya ukaguzi ya mwaka jana imejibiwa? pesa zimerudi? nani kawajibishwa? Na nyie magazeti msitupe jumla ya mabilioni tu, tuandikieni taasisi gani, na kazi gani ililipiwa haikufanywa.

Ijumaa nashuka tena Chake inshaallah, namchukulia yule mzee slipu yangu ya mshahara aisome mwenyewe.

Mwalimu, Micheweni, Pemba