Barua kwa mwanangu: hatukukuficha

Kilifi, Jumatano usiku

Mwanangu mpendwa,

Jumapili ulipopiga simu baada ya ibada uliniuliza swali, nami nikakujibu vibaya. Ulisema wenzako wa bwenini wanakuambia kwamba wewe ulifichwa nyumbani miaka yote badala ya kupelekwa shule, ukauliza, "Kwani mama, mlikuwa mnaogopa nini?" Nikasema upesi kwamba hatukuogopa chochote, halafu salio likaisha. Tangu siku hiyo lile jibu linanikera, maana halikuwa la kweli lote. Mdogo wako amelala, baba yako yuko zamu. Acha nikujibu sawasawa.

Kuogopa tuliogopa kidogo, sitakuficha. Lakini jambo lenyewe halikuanza na woga, lilianza na kopo.

Ulikuwa na miaka sita, uko darasa la kwanza. Kwenye mlimau wetu kulikuwa na viwavi, wale ambao wakiwa wadogo hufanana kabisa na mavi ya ndege, weusi wenye baka jeupe. Wewe ndiye uliyegundua kwamba yale si mavi, maana moja lilikuwa linatafuna jani. Ukawafuatilia kila siku mpaka wakanenepa na kugeuka kijani. Halafu jioni moja ulimgusa mmoja kwa kijiti, akachomoza pembe mbili laini nyekundu kichwani zenye harufu kali, ukapiga ukelele nikadhani umeona nyoka. Kesho yake ukamtia kwenye kopo pamoja na majani yake, ukaenda naye shule umwonyeshe mwalimu.

Darasa lile lilikuwa na watoto zaidi ya 70. Mwalimu alikuwa amechoka, na leo simlaumu sana, mimi mwenyewe nilifundisha shule ya msingi miaka minne na uchovu ule naujua. Kopo likatupwa nje dirishani, nawe ukachapwa mikononi kwa kuleta uchafu darasani. Mikono ilipona. Kilichoniumiza ni kwamba wiki nzima hukwenda tena kwenye mlimau. Nilipokuuliza viwavi wako wamefikia wapi, ulinijibu bila hata kuinua uso, "Hawatoki kwenye mtihani, mama."

Mtoto wa miaka sita! Usiku ule mimi na baba yako tuliomba mpaka tukakosa maneno. Muhula ulipoisha hatukukurudisha shule, tukaanza kukufundisha wenyewe nyumbani.

Wakati huo dada mmoja wa kanisani alikuwa ameniazima kitabu cha mwalimu Mwingereza, Charlotte Mason. Alizaliwa mwaka 1842, akawa yatima angali kijana, hakuolewa wala hakuzaa, na maisha yake yote yakaishia katika malezi ya watoto wa wenzake. Mwaka 1892 alifungua chuo cha kuwafunza walezi na walimu huko Ambleside, kaskazini mwa Uingereza, penye milima na maziwa, na ndiko alikofia mwaka 1923. Nilipenda alivyoshikilia kwamba mtoto huzaliwa akiwa mtu tayari, na mtu hulishwa, hajazwi kama gunia. Masomo ya watoto wadogo yawe mafupi, kama dakika 20 hivi kila moja. Vitabu viwe vya mwandishi anayelipenda jambo analoliandika. Na saa nyingi mtoto awe nje, katika kazi za mikono ya Mungu.

Nikaanza kwa pupa, na nikaanza kwa kukosea. Nilikuwa na orodha ya mambo ya kufundisha niliyopewa, imeandikwa na watu wa Ulaya, nikaifuata kama sheria. Mwaka mzima nikakusomea habari za miti inayopukutisha majani kwa baridi na ndege wanaokuja dirishani theluji ikianguka. Ukachora theluji kwa chaki nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Siku moja ukaniuliza, "Mama, sisi huku kwetu Mungu hakuumba kitu?" Swali hilo lilinikata maini. Mason aliwaambia walimu wake wamtoe mtoto nje akaone kilichopo mlangoni pake, nami nilikuwa nimekushika mkono nikakupeleka kwenye mlango wa mtu mwingine.

Ndipo tukaanza kwenda Mida, kwenye hori la bahari lenye mikoko.

Unakumbuka matatu ya asubuhi, baba yako amebeba mtungi wa maji, na ile harufu ya matope maji yakiwa yametoka? Siku ya kwanza nilikuambia ulambe jani la mchu, mti wa jamii ya mikoko. Ulinitazama kama nimerukwa na akili. Ukalamba, na chumvi ikakukaa ulimini, maana mchu hunywa maji ya bahari na chumvi huitolea majanini. Tukakaa pale saa nzima tunalamba majani kama mbuzi. Tukaona kaa wa kiume wenye gando moja kubwa kuliko mwili, wanalipunga kama wanaomwita mtu ng'ambo. Tukarudi Oktoba, tukawakuta wale ndege weupe wa mgongo mweusi, wala kaa, miguu mirefu kama vijiti. Wao huzaliana huko Ghuba na Bahari ya Shamu, huchimba mashimo mchangani wakatagia humo, kisha hushuka kwetu kwa mamia. Tulipokuwa tunarudi ukaninong'oneza kwamba nao wanajua njia ya majahazi.

Na mkoko wako. Mbegu ya mkoko haianguki ikiwa mbegu. Huota ingali imening'inia kwa mama yake, ikarefuka kama fimbo ya kijani, na ndipo hudondoka. Ikikuta matope hujichoma papo hapo, ikikuta maji huelea na kwenda zake mpaka ikwame mahali. Ulichagua mche mmoja, ukafunga uzi mwekundu kwenye tawi lake, na kila tulipokwenda ukaupima kwa rula na kuandika kwenye daftari. Ulikuwa unakaribia sentimita 40 tulipofika na kukuta uzi peke yake. Ulilia. Kisha ukaketi juu ya ndala zako ukachora tawi lenye uzi, bila mche, ukaandika tarehe. Sikukufundisha kufanya vile. Nilisimama nyuma yako nikamshukuru Mungu kwa lile kopo lililotupwa.

Wenzako wakikuuliza tulikuwa tunasomaje bila mwalimu, waambie habari ya kusimulia. Nasoma ukurasa mara moja tu, sirudii, nafunga kitabu, wewe unanieleza. Hakuna maswali ya kujaza nafasi. Nilidhani ni jambo jipya la Kizungu mpaka hawe, bibi yako, alipotukuta tukifanya hivyo barazani, akacheka. "Si ndiyo paukwa pakawa hii?" Kwao, aliyesikia hadithi leo ndiye aliyetakiwa kuitamba kesho, na akikosea anarekebishwa na wazee wote. Tangu siku hiyo masomo ya asubuhi tukawa tunayafungua kwa paukwa, nawe unaitikia pakawa, hata kama ni historia.

Ya Rebmann ndiyo uliyosimulia vizuri kuliko zote. Tulikuwa tumetoka makumbusho ya Rabai. Ulimweleza baba yako mezani jinsi mmisionari Krapf alivyofika Mombasa mwaka 1844 na katika miezi michache akamzika mkewe na mtoto wao mchanga, na bado akaanza mwaka huo huo kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Ukaeleza Rebmann, mmisionari mwenzake, alivyomfuata mwaka 1846 wakaanzisha kituo Rabai, na jinsi tarehe 11 Mei 1848 alivyouona mlima Kilimanjaro una kitu cheupe kileleni, na kiongozi wake wa msafara akakiita "baridi" tu. Akaandika alichokiona: theluji. Huko London bwana mmoja wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga huku akabisha miaka na miaka kwamba theluji haiwezekani karibu na ikweta. Ukaweka kijiko chini ukasema, "Baba, yule alisoma, huyu aliona." Ndiyo maana daftari lako la viumbe nililihesabu kuwa somo kubwa. Nilitaka uwe mtu wa kuandika alichokiona, hata kama wakubwa wa London wanabisha.

Imani sikukufundisha kama somo, na wapo waliotulaumu kwa hilo, wakitaka usikike ukikariri. Tulisoma Biblia asubuhi, ukasimulia, basi. Mithali 30 ilitutoa nje wiki nzima kutafuta wale wanyonge wanne wenye akili: chungu, wibari, nzige na mjusi. Wibari hatukumpata, lakini mjusi wa jikoni alipata heshima ambayo hajaipata tena. Kisha hawe akafa. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Usiku wa matanga ulikuja ukalala ubavuni mwangu mkekani, na bila kuombwa ukaanza kunisimulia habari za Lazaro, polepole, kama tulivyoisoma. Ulipofika pale Yesu alipolia, ukanyamaza. Nilingoja uendelee mpaka kaburini, hukuendelea. Ukasema tu, "Alijua atamfufua, na bado alilia." Nimesikia mahubiri mengi maishani, mwanangu. Hakuna lililonishika kama hilo.

Sasa nikuambie palipopungua, maana ndipo penye haki ya swali lako. Hesabu nilikucheleweshea. Mimi siipendi, na kila siku ya mvua nilipata kisingizio. Ulipojiandaa kwa IGCSE, ile mitihani ya sekondari ya mtaala wa Kiingereza, ulilipa deni langu kwa usiku wako, nami niliona. Nisamehe. Na upweke: siku zile ulizosimama langoni ukiwatazama watoto wa jirani wakirudi na sare, nilijiambia unawatazama tu. Sikukuuliza. Tungeweza kutafuta familia nyingine mapema zaidi kuliko tulivyofanya. Hapo ndipo woga ulipokuwa. Niliogopa mtu akikuuliza maswali utatamani kurudi, na mimi ningeonekana nimeshindwa mbele ya ndugu wa baba yako waliosema tangu mwanzo kwamba nimepotoka. Huo ulikuwa woga wangu mimi, na wewe ndiye uliyeulipia.

Kwa hiyo uliposema unataka kwenda Nairobi kwa shangazi yako ukasome na wenzako, uliona baba yako alivyokubali siku hiyo hiyo, nami nikachukua wiki tatu. Sikuwa na shaka nawe hata kidogo. Nilikuwa najifunza kuachia.

Nakutumia daftari la Mida kwa basi la Ijumaa, atalipokea shangazi yako. Kama kuna wa kuonyeshwa mwonyeshe, na asiyetaka mwache. Niandikie pia ni ndege gani anayelia hapo bwenini alfajiri, nilimsikia kwenye simu na sikumtambua. Usiniambie jina kwanza, nieleze alivyo.

Mlimau umezaa viwavi tena. Mdogo wako aliwaona Jumatatu akaja kuniambia majani yamechafuliwa na ndege. Sijamwambia kitu. Leo amekwenda kuwatazama mara nne.

Mama yako