Harambee ya kuwabana wagombea: intaneti isizimwe, programu za serikali ziwe huria

Wadau habari zenu, salamu kwa wote mlioko kwenye kikundi na nyie mtakaoforwadiwa hii mkaisoma juu juu. Najua neno harambee likitajwa kila mtu anaanza kuwa bize, kwa iyo naenda moja kwa moja: safari hii hatuchangii kompyuta wala mafunzo, tunachangia siasa. Subirini kwanza, msikimbie. Hatuchangii chama chochote wala mgombea yeyote, na mtu wa chama akitaka kutuchangia tutamshukuru na pesa yake tutamrudishia. Tunachanga ili kila anayeomba kura aulizwe kwa maandishi anasimama wapi kuhusu intaneti na programu huria (zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoiendesha programu, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa), na majibu yake yawekwe mahali ambapo kila mtu atayaona kabla ya siku ya kupiga kura.

Sasa kuna wanaouliza, tena wengine kwa ukali, sisi ni mafundi tu, siasa ya nini? Jamani, unaweza ukawa na mashine yenye Linux safi, ule mfumo huria wa kuendesha kompyuta, kila programu unajua imetoka wapi, imeili zako umezifunga kwa ufunguo wako mwenyewe, alafu ikatoka amri moja kwenda kwa makampuni ya simu na yote hayo yakawa kazi bure. Misri Januari 2011 ilikuwa hivyo, karibu nchi nzima ilitoka hewani kwa siku kama tano. Kameruni 2017 ndo ilikuwa balaa zaidi, mikoa ya wanaoongea Kiingereza ilikatiwa intaneti siku 93, fikiria mtu anaishi kwa kuandika programu inabidi apande gari aende mkoa mwingine akatume faili kisha arudi. Hiyo hakuna apdeti inayoitibu. Inatibika bungeni na mahakamani, na mahakamani kunatibika kweli maana mwaka 2020 Mahakama ya ECOWAS, ile jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilisema wazi kwamba Togo ilivunja haki ya watu kutoa maoni ilipozima intaneti 2017, na ile kesi haikujipeleka yenyewe, kuna mashirika ya raia yalikaa chini, yakakusanya ushahidi, yakaenda kushtaki.

Programu huria nazo ni hivo hivo, tunaziona kama mambo ya msimbo tu lakini zimesimama juu ya sheria toka mwanzo. Richard Stallman, mwandishi wa programu wa Marekani, alitangaza GNU, mradi wa kutengeneza mfumo mzima wa kompyuta ulio huria, mwaka 1983, na leseni yake ya GPL ikatoka 1989, na nguvu yote ya ile leseni inatoka kwenye sheria ya hatimiliki, yaani ndo inayomlazimisha mtu akichukua kazi yako akaibadilisha na kuigawa, naye aache msimbo wazi kwa wengine. Sheria ikibadilika vibaya tumekwisha. Ulaya ilibaki kidogo iwakute, kulikuwa na mapendekezo ambayo yangefungua mlango wa hataza za programu, kwa maana kwamba kampuni inamiliki wazo la namna programu inavyofanya kazi na inakudai hata kama kila mstari umeandika mwenyewe. Waandishi wadogo wa programu walipiga kelele miaka, wakaandika barua, wakaenda kukutana na wabunge, na tarehe 6 Julai 2005 Bunge la Ulaya likayatupa kwa kura 648 dhidi ya 14. Miaka saba baadae mkataba wa ACTA, ule wa kimataifa wa kupambana na bidhaa bandia na uvunjaji wa hatimiliki, ukaangushwa humo humo, 478 dhidi ya 39.

Ila mfano ninaoupenda mimi ni wa Peru. Mbunge mmoja, Edgar Villanueva, alipeleka mswada wa kutaka ofisi za serikali zitumie programu huria. Meneja wa Microsoft wa pale akamwandikia barua ndefu Machi 2002 ya kumwonyesha kwamba anakosea, na mbunge badala ya kukaa kimya akajibu Aprili ile ile, hoja kwa hoja. Hakuanza na bei. Alisema serikali ina wajibu wa aina tatu: raia wazipate taarifa za umma bila kizuizi, data za umma zidumu zisitegemee kampuni moja kuendelea kuwepo, na usalama wa nchi na wa raia uwe kwenye mfumo ambao unaweza kukaguliwa. Na akaongeza kwamba mswada haumkatazi mtu yeyote kutengeneza au kuuza programu zilizofungwa, unasema tu serikali itanunua kwa masharti gani. Mswada wenyewe haukupita kama alivyouandika, sawa, lakini ile barua ilitafsiriwa na kusambaa duniani. Mbunge mmoja tu aliyeelewa jambo! Sisi tunatafuta wa aina hiyo, na kama hawapo tuwatengeneze kwa kuwauliza maswali mpaka wasome.

Na tusidanganyane kwamba ukishinda mara moja basi. Mji wa München kule Ujerumani walihamisha kompyuta kama 15,000 za manispaa kwenda Linux, kazi ya miaka kibao, na mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Wanaopiga kura walibadilika, mambo nayo yakabadilika. Kwa iyo hii harambee sio ya mwisho, nawaambia mapema msije mkasema hamkuambiwa.

Tutakachofanya ni dodoso la ukurasa mmoja, maana likizidi hapo hakuna mgombea atasoma. Je utapinga intaneti kuzimwa wakati wa uchaguzi, wa maandamano na wa mitihani? Je utakubali kampuni ya simu ichague apu ipi iende haraka na ipi iburuzwe? Je programu iliyoandikwa kwa kodi ya wananchi, msimbo wake uwe wazi kwa wananchi? Hilo la mwisho tumelichukua kwa wenzetu wa Ulaya ambao toka 2017 wanaendesha kampeni ya pesa ya umma, msimbo wa umma, na wale wa April, shirika la kutetea programu huria kule Ufaransa, walishaanza kuwauliza wagombea urais toka 2007. Majibu yataingia kwenye jedwali lenye safu tatu: ndiyo, hapana, hajajibu. Hiyo safu ya tatu msiidharau, mgombea anaweza kuvumilia kuonekana amesema hapana na akajitetea, ila kukaa miezi miwili jina lake likiwa kwenye hajajibu huku mpinzani wake kashajibu, hapo msaidizi wake atatupigia mwenyewe.

Pesa inaenda wapi. Kuchapa, na kutuma kwa posta barua ya kusainiwa ikipokelewa, kwa sababu imeili wanasema hawakuiona. Nauli za watakaokwenda kwenye kamati zinapojadili miswada, seva ya kuweka jedwali, na kubwa kuliko yote ni wakili wa kutusomea miswada, maana ubaya huwa hauko kwenye kichwa cha habari, uko kwenye kifungu kidogo kinachosema waziri anaweza kuagiza hatua nyingine yoyote atakayoona inafaa. Sisi tunakipita tunaendelea, wakili anasimama hapo hapo. Posho za vikao hazimo, wala msiulize.

Usiye na pesa kwa sasa toa ahadi yenye tarehe, au jitolee kuzungusha dodoso kwa wagombea wa eneo lako, au kulitafsiri kwa lugha inayosomwa huko, yote tunaandika kwenye daftari moja na ya wachangaji. Kiasi ni chochote. Mwisho wa kupokea ni siku kampeni zikifunguliwa rasmi, baada ya hapo barua zitakuwa zimechelewa.

Namba ya kutuma atawapa mweka hazina kwenye mkutano au kwenye grupu, ameipini juu. Ukitumiwa namba nyingine inbox na mtu anayejiita katibu usitume, piga kwanza uulize. Risiti inatoka siku hiyo hiyo, isipotoka mdai.