Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, na kwa ruhusa yako tunaomba tulieleze jaribio utakaloonyeshwa punde, yaani mmenyuko wa kemikali unaofyonza joto.

Juu ya kipande cha ubao kilicholoweshwa maji, mwalimu wetu ataweka bika yenye gramu 32 za haidroksaidi ya bariamu yenye maji ya fuwele, yaani maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake kavu, kisha ataongeza gramu 11 za kloraidi ya amoniamu na kukoroga kwa fimbo ya kioo. Unga huo mkavu utageuka uji, harufu kali ya amonia itasikika, na akiinua bika, ubao utainuka pamoja nayo, kwa kuwa maji yaliyo kati yake yatakuwa yameganda.

Wengi wetu tulipoliona mara ya kwanza tulidai kwamba bika inatoa baridi. Kumbe inachukua joto la maji, la ubao na la hewa iliyoizunguka, kwa sababu kuvunja vifungo vya kemikali vilivyokuwapo kunahitaji nishati nyingi kuliko inayopatikana vifungo vipya vinapoundwa. La kushangaza zaidi, ambalo kwa maoni yetu hupitiwa juu juu mno darasani, ni kwamba mmenyuko huu haungoji kuwashiwa moto: yabisi mbili zilizopangika zinazaa maji na gesi, na mtawanyiko huo wa chembe ndio unaousukuma mbele.

Misombo hii ya bariamu ni sumu ikimezwa, na amonia huwasha macho na koo. Ndiyo maana mwalimu huchanganya peke yake, akiwa na glavu na miwani ya kinga, madirisha yakiwa wazi, na mabaki hayamwagwi kwenye sinki. Sisi wanafunzi hutumia asidi ya sitriki na soda ya kuokea ndani ya maji, jaribio ambalo, tuseme kweli, lina povu kuliko baridi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utusaidie kupata kabati la kutolea gesi, miwani ya kinga ya kututosha, na vipimajoto vya kufaa, kwani tulivyo navyo vinaishia nyuzi 10 chini ya sifuri, ilhali mchanganyiko huu unaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri, hivyo tunakosa kusoma pale hasa jaribio linaponoga.

Tunaomba kuwasilisha.