Mtoto anayelia atulizwe, asitishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wazazi wengi wa hapa Dodoma tunalichukulia kwa wepesi, nalo ni namna tunavyomjibu mtoto mdogo anapolia, anapoogopa au anapokasirika.

Katika foleni ya kliniki, mtoto wa miaka miwili akiangua kilio kwa kuiona mizani inayoning'inia, mara nyingi huambiwa, "Nyamaza, nesi atakuchoma sindano!" Hunyamaza kweli, lakini kwa hofu, wala hajatulia. Mtoto wa umri huo hawezi bado kujituliza peke yake, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayotawala hisia huendelea kukomaa hadi mtu avuke miaka 20. Ni kwa kubebwa, kubembelezwa na kuambiwa kwa sauti ya chini kwamba mama yupo au baba yupo, tena na tena, ndipo hujifunza taratibu kujifanyia mwenyewe kile alichokuwa akifanyiwa.

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliyachunguza haya miaka ya 1950 katika vijiji vya jirani na Kampala, Uganda, akabaini kwamba watoto waliokuwa na imani thabiti kwa mama zao walikuwa, kwa kawaida, wa akina mama walioweza kueleza kwa undani habari za watoto wao. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito, maana kumjua mtoto hakuhitaji fedha. Kunahitaji muda, na muda ndio unaomkosa mama anayedamka alfajiri kwenda kuuza mboga sokoni Majengo, au mtumishi wa serikali anayerudi kutoka ofisini Mtumba usiku na kumkuta mtoto amekwisha kulala. Hao wasilaumiwe. Bibi au dada wa kazi naye anaweza kuwa kimbilio la mtoto, mradi awe mpole na asibadilishwe kila baada ya miezi michache.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeyataja malezi yenye mwitikio, yaani mlezi kuzitambua ishara za mtoto na kuzijibu kwa upole, sambamba na afya na lishe. Ombi langu kwa wahudumu wa kliniki na wa afya ngazi ya jamii ni kwamba, wakishampima mtoto uzito na kuangalia chanjo zake, wamuulize pia mzazi mtoto huyo hulizwa na nini na hutulizwa vipi, na akina baba nao waitwe kulijibu swali hilo.

Mzazi,
Dodoma