Waazteki, sadaka zetu za Mbeya na swali la nani anadaiwa

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni tangu mkutano wa injili uliofanyika hapa mjini mwezi uliopita. Mhubiri mmoja, simtaji jina kwa sababu sina ugomvi naye, alisimama akaeleza habari za Waazteki wa Meksiko, kwamba walikuwa wanampasua mtu kifua akiwa hai wanatoa moyo wanauinua juani, umati ukaguna weee, halafu akamalizia kwamba hao walikuwa watoto wa shetani na sisi Wakristo hatuna hata nukta moja inayofanana nao. Na hapo hapo, yaani bila hata kupumua, vikapu vikaanza kupita, akasema asiyetoa leo asije kulalamika mvua ikigoma. Sasa mimi nimefundisha historia sekondari mpaka nimestaafu, ni Mmoravian wa kuzaliwa, na pale kwenye kiti nikajisemea huyu baba hajui kwamba hiyo sentensi yake ya mwisho ndiyo ya Kiazteki kuliko zote alizosema.

Nianze kwa kukubali lililo kweli, wasije watu wakasema mwalimu anatetea wauaji. Waliua, tena sana. Mji wao wa Tenochtitlan uliojengwa ndani ya ziwa kuanzia 1325 ulikuwa na hekalu kubwa katikati, na juu yake vyumba viwili vya miungu, kimoja cha Huitzilopochtli mungu wa vita na jua, kingine cha Tlaloc mungu wa mvua. Huyo Tlaloc alitolewa watoto wadogo, na wakilia njiani watu walifurahi, machozi yao yalikuwa dalili kwamba mvua itakuja. Ile hesabu ya watu 80,400 waliouawa hekalu lilipozinduliwa 1487 wanahistoria wengi hawaiamini, na mimi pia siiamini, ila mwaka 2015 wataalamu wa malikale walichimba nyuma ya kanisa kuu la Mexico City wakakuta mnara wa mafuvu, na kufikia 2020 walikuwa wamehesabu mafuvu 603, ya wanaume, wanawake na watoto. Kwa hiyo hayo si uzushi wa Wahispania waliokuja kuwateka.

Ila swali ambalo mhubiri hakuuliza ni kwa nini. Watu wenye akili, wenye shule, wenye soko kubwa na mifereji ya maji, waliona nini mpaka wakafanya vile?

Wao walisimulia hivi. Kabla ya jua hili tunaloliona kulikuwa na giza, miungu ikakutana kwenye mji wa kale wa Teotihuacan kuamua nani ajitoe awe jua. Akajitokeza mmoja tajiri, Tecuciztecatl, anajisifu, kaleta manyoya ya thamani na dhahabu. Wa pili akateuliwa Nanahuatzin, maskini, mwili mzima vidonda, sadaka yake ni mafungu ya matete na miiba yenye damu yake mwenyewe, na ubani wake ni magamba ya vidonda vyake. Moto ukawashwa. Yule tajiri akaambiwa haya ruka, akakimbia mpaka ukingoni akarudi, akajaribu tena akarudi, mara nne zote joto linamshinda. Wakamwambia mwenye vidonda, haya wewe, akafumba macho akaruka mara moja tu, akaungua, akawa jua. Tajiri kwa aibu akaruka nyuma yake, akawa mwezi. Lakini jua likasimama halitembei, mpaka miungu yote ilipokubali kufa ndo likaanza safari.

Mtu anayesikia hiyo hadithi mara ya kwanza asiposhtuka nitamshangaa. Mnyonge wa vidonda ndiye anayetukuzwa, mwenye majivuno anaaibika, mungu anakufa ili watu waishi. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilikumbuka Ijumaa Kuu moja kwa moja.

Sasa njia zinaachana hapa. Waazteki wakasema, kama miungu ilikufa kwa ajili yetu basi tunadaiwa, na deni lenyewe haliishi, jua linachoka kila siku na damu inatakiwa tena kesho. Ni mkopo wa kausha damu huo, unalipa asubuhi jioni unadaiwa upya, ukiacha siku moja wanakuja kubeba kitanda. Ukristo, kwa jinsi Waebrania sura ya 10 inavyosema, ulikuja kusema kinyume kabisa, kwamba damu ya mafahali na mbuzi haiondoi dhambi, sadaka imetolewa mara moja tu na imetosha, hakuna anayekuja kubeba kitanda. Tofauti kubwa kati ya imani hizi mbili mimi naiona hapo. Kusema wao walipenda damu na sisi hatuipendi hakusaidii, maana nyimbo zetu zenyewe kila Jumapili ni damu, damu, damu, mgeni akisikiliza kwaya bila kuelezwa anaweza kukimbia.

Na kuhusu tabia njema, aisee, hapo ndo watu wangenyamaza kabisa. Padri mmoja Mfransisko, Bernardino de Sahagún, alifika Meksiko 1529 akakaa na wazee miaka mingi anaandika kwa lugha yao wenyewe, vikatoka vitabu 12, na kitabu cha 6 kimejaa mawaidha ya wazazi kwa watoto. Baba anamwambia binti yake, na mama anaendeleza, tembea kwa utulivu, usikimbie wala usijivute, usiongee kwa kelele, usivae vya kujionyesha wala matambara, duniani hapa ni kama juu ya kilima, njia ni nyembamba na huku bonde na huku bonde, ukipinda kidogo tu unaanguka, pita katikati. Mtoto wa kiume anaambiwa usilale sana, usile kwa pupa, heshimu wakubwa. Ondoa majina, mpe bibi yangu wa Rungwe ayasome, angesema nani kaniibia maneno. Pombe nayo waliibana kwelikweli. Yao ilikuwa utomvu wa mmea wa jamii ya mkonge, watu wa Iringa wangeielewa haraka maana ulanzi nao ni utomvu unaogemwa, ila kule waliokunywa kwa uhuru ni wazee, kijana akikutwa amelewa hadharani anaweza kuuawa na mkubwa mwenye cheo hakuonewa huruma. Sisemi tuige.

Lingine ambalo huwa linanigusa, mwanamke akifa kwa uzazi walimhesabu shujaa sawa na askari aliyekufa vitani, roho yake inakwenda kusindikiza jua kuanzia mchana mpaka linapozama. Sisi tunamzika tunasema kazi ya Mungu haina makosa.

Ila wema huo wote, na hapa ndo inashangaza, haukukupeleka peponi. Kwao ulipokwenda baada ya kufa kulitegemea ulivyokufa, sio ulivyoishi. Umekufa vitani unakwenda kwa jua, umekufa maji au umepigwa na radi unakwenda kwa Tlaloc kwenye neema tupu, umekufa kitandani kwako na heshima zako zote unakwenda Mictlan, gizani, safari ya miaka minne. Mtu anauliza sasa wema wa nini? Jibu lao ni kwamba utelezi uko hapa duniani, ukianguka unaangusha na familia na kijiji, basi. Walikuwa wema bila kuahidiwa bonasi. Hilo nalileta makusudi maana kuna waumini wenzangu ukiwaondolea mbingu na moto wa jehanamu sijui kama wangerudisha chenji ikizidi.

Wahispania wenyewe walichanganyikiwa walipoona mengine. Waazteki walikuwa wanasaga mbegu za mchicha, ndiyo, mchicha, wanachanganya na utamu wa ule mmea wao wanatengeneza sanamu ya Huitzilopochtli, kisha wanaivunja vipande watu wanakula kwa heshima, wakisema wamemla mungu. Mapadri waliokuja kutoa komunyo wakaona hii, wengine wakaandika kwamba shetani kaiga sakramenti. Walikuwa na maungamo pia, mbele ya kuhani wa mungu mke Tlazolteotl, unasema yote, unapewa malipizi ya kufunga na kujitoboa ulimi kwa mwiba, ila mara moja tu maishani, kwa hiyo watu wajanja walisubiri uzee.

Pale wanapoanguka vibaya, kwa maoni yangu, ni kwenye nani analipa. Kuhani na mfalme walijitoboa masikio na ndimi, hilo ni kweli, lakini kifuani alipasuliwa mateka, mtumwa, mtoto aliyenunuliwa kwa mama yake. Askari akimkamata adui alikuwa anasema huyu ni kama mwanangu mpendwa, na mateka naye anamuita baba yangu mpendwa, na siku ya karamu ya kula nyama ya mateka, aliyemkamata hakuila kwa sababu ingekuwa kama kujila mwenyewe. Maneno mazuri sana, lakini aliyelala juu ya jiwe ni mmoja tu.

Na sisi tusijidai tumetoka tu hewani tukiwa safi. Ibrahimu alizuiwa kisu kikiwa juu, sawa, tunaihubiri kila mwaka. Mbona Yeftha hatumhubiri? Waamuzi sura ya 11, aliweka nadhiri akamtoa binti yake, na hakuna malaika aliyekuja. Mwaka 1550 kule Valladolid, Hispania, askofu Bartolomé de las Casas alisimama kubishana na msomi Sepúlveda aliyesema wenyeji wa Amerika ni washenzi wa kutawaliwa kwa nguvu, akajibu kwamba hawa watu wamekosea lakini wametumia akili, walimpa Mungu kitu cha thamani kuliko vyote wanachokijua, akawakumbusha habari za Ibrahimu. Na miaka 11 kabla ya hapo, 1539, kanisa lilimchoma moto hadharani mtu mkubwa wa mji wa Texcoco, huko huko Meksiko, aliyebatizwa Carlos, kwa kosa la kusema watu wabaki na desturi za wazee wao. Sasa ile ilikuwa sadaka kwa nani?

Nirudi nyumbani, na hapa naomba wasomaji wanivumilie. Waazteki walikuwa na mungu anaitwa Xipe Totec, mateka wake walichunwa ngozi na watu wakaivaa siku 20, wasomi wengi wanaeleza ni mfano wa mbegu ya mahindi inayovua ganda ili iote. Nilipokuwa nafundisha hilo darasani hakuna mwanafunzi aliyecheka, maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 huku kwetu, Mbozi ikiwa bado ndani ya mkoa wa Mbeya, watu walichunwa ngozi kweli, wazazi wakawa wanasindikiza watoto shule. Mwaka 2019 Njombe waliokotwa watoto wameuawa. Ndugu zetu wenye ualbino hatuhitaji kukumbushana. Na wauaji wengine hao walibatizwa, wanasalimia Bwana asifiwe. Mwazteki aliua mchana kweupe, mji mzima unaona, akiamini asipofanya hivyo jua halitatoka kwa mtu yeyote, hata kwa adui yake. Huyu wa kwetu anaua usiku ili apate dhahabu Chunya, ashinde kura, duka lijae. Simsafishi Mwazteki hata kidogo, aliyekufa kafa, lakini ukinilazimisha kupanga nani kaenda mbali zaidi na utu siwezi kusema wa kwetu ana afadhali.

Hizo akili zinalelewa wapi? Zinalelewa popote mtu anapofundishwa kwamba baraka inanunuliwa, kwamba kuna kiasi ukikitoa Mungu anakuwa hana ujanja. Mganga anasema leta kiungo, mwingine anasema panda mbegu ya laki moja upokee milioni, viwango vya ubaya ni tofauti mbali sana najua, ila hesabu ya ndani ni ileile. Nabii Mika sura ya 6 alishauliza kejeli hiyohiyo, nimtoe hata mzaliwa wangu wa kwanza? akajibu mwenyewe, tenda haki, penda rehema, nenda kwa unyenyekevu.

Halafu ule mfano wa mjane wa senti mbili, ambao mhubiri wetu aliutumia vikapu vikipita na mama mmoja jirani yangu akafungua pindo la kanga akatoa noti ya 2,000 iliyokunjwa mpaka imekuwa kama kidonge, nauli yake ya kurudi Inyala hiyo, akabaki ananiangalia. Nampa mhubiri kazi ya nyumbani. Marko 12, asianzie mstari wa 41, aanzie 38, Yesu anawasema wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu, ndipo mjane anaingia, na sura inayofuata anasema hekalu lile halitabaki jiwe juu ya jiwe. Atuambie kupitia gazeti hili kama Yesu pale alikuwa anamsifia mjane tu au alikuwa anamuonea uchungu pia.

Nasubiri jibu lake. Na kama barua imezidi urefu, mhariri, kata sehemu ya mchicha ukipenda, ya Mbozi usiikate.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya