Barua ya wazi kwa vijana wa makoti ya kahawia na vitabu vya zamani

Wajukuu zangu hamjambo. Nawaandikia nyie mnaoupenda huu mtindo wa dark akademia, yaani kuvaa na kujiweka kama wasomi wa zamani, wasichana kwa wavulana, wa sekondari na wa vyuoni, koti la sufu la mitumba, shati limefungwa mpaka shingoni, kitabu kwapani, daftari limejaa mashairi ya mapenzi. Najua watu wazima wengi wanawashangaa, wengine wanawaogopa. Mimi nilikuwa mkutubi wa shule huku Tanga mpaka nikastaafu, na nataka niwaambie mapema kabisa, msiache. Katika mitindo yote niliyoona vijana wakipita nayo huu ndo wa kwanza unaomfanya kijana atamani kuonekana anasoma, sasa mkutubi gani atakataa jambo kama hilo? Ila kwa kuwa nawapenda nina maneno machache na naomba mnivumilie.

Kwanza mjue mnachokivaa kimetoka wapi. Kilianzia kwenye mtandao wa Tumblr, kwa watu wa Ulaya na Marekani waliokuwa wanapenda riwaya moja ya 1992 ya wanafunzi wa Kigiriki cha kale wanaojitenga na wenzao na vitabu vyao hadi wanamuua rafiki yao, alafu 2020 korona ilipofunga shule kikalipuka TikTok kwa sababu watoto walikuwa wamekaa ndani wanayatamani madarasa. Hiyo sehemu ya pili inanigusa sana. Lakini zile kuta za mawe za Oxford na Cambridge mnazozipenda kwenye picha zilikaa miaka mingi watu wengi hawaruhusiwi kufaidi kilichomo, mwanamke alianza kupewa digrii Oxford mwaka 1920, na Cambridge mpaka 1948. Huku kwetu pwani, mshairi Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, kisiwa cha huko Lamu, alikuwa keshamwandikia binti yake utenzi mwaka 1858, yaani miaka tisini kabla. Wasichana hilo mliweke moyoni, hamjaingia kwenye usomi kwa mlango wa nyuma.

Sisemi mpachukie Oxford, mi napaheshimu. Kuna maktaba yao pale inaitwa Bodleian, ilifunguliwa 1602, haiazimishi kitabu kutoka nje, mfalme Charles wa Kwanza mwenyewe aliomba mwaka 1645 akakataliwa. Na msomaji mpya anakula kiapo kwamba hataingiza wala kuwasha moto humo ndani. Kwaiyo ile mishumaa mnayoisimamisha juu ya vitabu ili picha ipendeze, tafadhali sana ondoeni, mkutubi yeyote akiona moto karibu na karatasi roho inamruka. Someeni taa, na iwe taa ya kutosha, macho hayana spea.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nikae niandike. Hilo giza zuri mnalolitafuta, majumba ya zamani, uzuri uliochakaa, kukaa na kufikiria kifo na mapenzi na muda unavyopita, pwani yetu inalo siku nyingi. Miaka kama mia mbili iliyopita Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitazama magofu ya Pate akaanza kusema na moyo wake mwenyewe, akaukumbusha majumba yaliyokuwa yanawaka taa, matajiri wamelala kwenye vitanda vya kifahari, alafu akauonesha yalivyo sasa, vidaka vilivyopangwa sahani za thamani wanalala makinda ya ndege, bundi wanalia ndani, wenye nyumba wote wako kaburini. Hilo ndo shairi la Inkishafi. Mtu wa miaka kumi na tisa anayependa huzuni ya kisomi akilisoma taratibu kwa sauti, usiku, na mtu wa kumfafanulia maneno ya Kiamu, Kiswahili cha Lamu, atatoka pale si yuleyule. Na bado nawaona mnahangaika na maneno ya Kilatini ya kuandika chini ya picha wakati hili mmeachiwa na babu zenu.

Na kuna Siyu, hukohuko kisiwa cha Pate, kulikuwa na watu kazi yao kunakili misahafu kwa mkono, wino na nakshi, ikapendeza hasa. Kuna Muhamadi Kijuma wa Lamu, alifariki miaka ya 1940, huyo alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga milango, na alinakili tenzi kwa herufi za Kiarabu kwa mwandiko wa kupendeza, nakala zake nyingine ziko London mpaka leo watu wanazisoma. Mkitaka mtu wa kumwiga muigeni Kijuma. Nunua daftari la kawaida, kalamu ya kawaida, chagua shairi moja unakili beti mbili kila jioni na mwandiko wako bora. Utaona maneno uliyoyapita mara kumi bila kuyaona, maana mkono hauwezi kuruka mstari kama jicho linavyoruka. Hii nimewashauri wanafunzi miaka mingi na waliofanya walibadilika namna ya kusoma na hata ya kuongea.

Hela. Usikope kwa ajili ya koti, na joto letu mnalijua wenyewe, kanzu au shati la pamba la rangi ya udongo linatosha. Kitabu kimoja umekimaliza ukakielewa kina maana kuliko rafu nzima ya kupigia picha. Na msidhani haya ni ya watoto wa matajiri wasio na kazi, Shaaban Robert, mzaliwa wa hukuhuku Tanga, alikuwa karani wa serikali ya mkoloni, asubuhi ofisini kama watu wote, na vitabu vyake vingi aliviandika na ukarani wake. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare huku anaongoza nchi, moja ikatoka 1963 nyingine 1969. Kwaiyo hata wewe unayeuza duka la mjomba mchana unaweza.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Huu mtindo una tabia ya kusifia kutolala, kutokula, kunywa kahawa mpaka mikono inatetemeka, na kulewa kidogo ili uonekane una mawazo mazito. Hapana wajukuu zangu. Usiposhiba usingizi unachosoma hakikai kichwani, hiyo haina ubishi. Na huzuni ya shairi si ile huzuni inayokufanya ushindwe kuoga, ushindwe kuamka, uanze kuona heri usingekuwepo. Ya kwanza kaa nayo, ina mafunzo. Ya pili usiipambe na maneno mazuri wala usiifiche kwenye daftari, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo, nenda hospitali, hakuna aibu hapo hata kidogo. Na nyie marafiki, mwenzenu akianza kuandika kifo kila siku msimsifu tu kwamba ana kipaji, mfuateni mpaka nyumbani.

Mapenzi nayo, maana najua nusu ya barua mlikuwa mnalisubiri hili. Mwandikie. Andika barua ya karatasi, kwa maneno yako mwenyewe, hata kama ni mabaya, usinakili ya mtu mwingine ukatia sahihi yako. Akikataa kubali, na usigeuke kuwa mtu wa riwaya anayekonda kwa ajili ya mtu ambaye hata hajui. Mtu wa kumpenda ni yule ambaye mnaweza kukaa chumba kimoja kila mtu na kitabu chake bila kusemeshana na hakuna anayechukia.

Mwisho ni wazazi. Baadhi yenu mmeniambia nyumbani wanawauliza kama mmejiunga na Freemason, nguo nyeusi, mishumaa, vitabu vyenye mafuvu kwenye jalada, msiwakasirikie, mzazi anaogopa asichokijua. Jioni akimaliza kazi zake kaa karibu na mama, muombe akusikilize, umsomee kurasa mbili za unachokisoma, kama ni cha Kiingereza mfasirie unavyoweza, alafu muulize yeye alikuwa anasoma nini au anasimuliwa nini alipokuwa na umri wako. Mpe muda ajibu.