Shukrani kwa dada aliyenionyesha alama ya kuuliza

Jumanne iliyopita ruta (kifaa cha kuunganisha mtandao) ya kampuni ya Cisco niliyoinunua ikiwa imetumika iligoma kutoa intaneti katika duka langu la kompyuta, karibu na stendi kuu ya Moshi, nami nikawa nakisia amri moja baada ya nyingine na kujibiwa makosa matupu. Dada mmoja aliyekuwa akisubiri kuchapishiwa barua aliomba kuitazama.

Hakuninyang'anya kibodi. Aliniambia nibonyeze alama ya kuuliza peke yake, na orodha ya amri ikajipanga kwenye skrini. Akaeleza kwamba ilikuwa fupi kwa sababu mstari uliishia na alama ya >, yaani ngazi ya kawaida yenye amri chache, na kwamba nikiandika enable alama hiyo ingegeuka kuwa #, ngazi ya juu, na orodha ingerefuka. Alinifundisha pia kwamba "sh?" huleta maneno yanayoanza na herufi hizo, ilhali "show ?", yenye nafasi katikati, huleta yanayoweza kufuata. Nafasi moja tu, nami nilikuwa nimehangaika tangu asubuhi! Kwa kuulizauliza hivyo tulifika kwenye show ip interface brief, amri inayoonyesha hali ya kila poti (tundu la kuchomeka waya wa mtandao), tukaona poti imezimwa. Tukaingia configure terminal, sehemu ya kubadilisha mipangilio, tukaichagua poti ile na kuandika no shutdown ili kuiwasha. Kabla hajaondoka alihakikisha nimehifadhi mabadiliko, yasije yakapotea umeme ukikatika.

Alikataa fedha yangu, na barua yake akailipia. Dada, kama unasoma hapa, ahsante sana. Nanyi mafundi wenzake, nawaomba mtuachie kibodi mikononi kama alivyofanya yeye.